Ziwa Lililorudi

Miongoni mwa nyaraka za kale zihusuzo Nam Lolwe, ziwa ambalo Waingereza walilipa jina la malkia wao Viktoria, sijaona ulio wa ajabu kuliko ule uliochapishwa mwaka 1923 na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, kazi ya C. E. P. Brooks, mtu ambaye shughuli yake ilikuwa kuketi na madaftari ya mvua na joto ya nchi mbalimbali akitafuta ndani yake utaratibu uliofichika. Brooks alichukua vipimo vya maji ya ziwa, mwaka baada ya mwaka tangu 1896, akavilinganisha na hesabu ya madoa meusi yaonekanayo katika uso wa Jua. Akaona kwamba vitu hivi viwili, kimoja kikilowesha miguu ya wavuvi wa Dunga, karibu na Kisumu, na kingine kikiwa mbali nao kwa kilomita milioni 150, vilipanda na kushuka kwa pamoja.

Ili kujua vipimo hivyo vilitoka wapi, hatuna budi kukumbuka hali ya pwani hii katika miaka ile. Kipimo cha kwanza kiliwekwa upande wa Uganda, na kabla karne ya 20 haijatimiza muongo wake wa kwanza vilikuwako vingine Jinja na Kisumu. Havikuwekwa kwa ajili ya Jua, wala kwa kupenda elimu tu. Wakubwa wa Misri walitaka kujua habari za maji ya Nili yatokayo Jinja, na manahodha wa Kisumu walitaka kujua kama vyombo vyao vitapita salama. Meli iitwayo William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Mombasa, na baadhi ya safari hiyo vipande vikiwa juu ya vichwa vya wapagazi, ilishushwa majini mwaka 1900. Reli ikafika Disemba 1901 mahali palipoitwa kwa muda Port Florence, kisha jina la wenyeji likashinda, pakawa Kisumu. Mwaka 1902 ikafuata meli ya Winifred, na nyingine baadaye. Ghuba ya Winam ni ndefu lakini maji yake ni haba, na upande wa Kisumu kina chake ni cha mita chache tu, hata nahodha aliyebeba pamba au ngozi hakuweza kudharau maji yakipungua dhiraa moja. Basi ubao uliochorwa alama ukasimamishwa majini, karani akaamriwa kuusoma na kuandika, na karani huyo, ambaye hakuna aliyemwambia habari za falaki, akawa mmoja wa mashahidi wa Brooks.

Kuhusu madoa ya Jua, aliyetambua kwamba huongezeka na kupungua kwa zamu ni Heinrich Schwabe, muuza dawa wa mji wa Dessau katika Ujerumani, ambaye kwa miaka kumi na saba alilichungulia Jua kila siku isiyokuwa na mawingu, na katika miaka ya 1840 akatangaza aliyoyaona. Zamu hiyo ni ya takriban miaka 11. Madoa yalikuwa mengi karibu na 1894, tena 1906, tena 1917. Na ziwa nalo lilijaa karibu na miaka hiyo hiyo, likapwa baina yake. Maofisa wa koloni walipendezwa mno na habari hizi, kwa sababu mtu awezaye kuagua kina cha ziwa miaka kumi mbele ataagua pia maji ya Nili, na aaguaye maji ya Nili ameshika pamba ya Misri mkononi.

Lakini haikupita miaka mingi uhusiano huo ukavunjika. Katika zamu iliyofuata ziwa halikulitii Jua, na waliokuwa wakimsifu Brooks wakaanza kumtaja kwa tahadhari, kisha kwa kejeli. Pigo kubwa likaja katika vuli ya 1961, mvua zilipoanza kunyesha zisikome, nyanda za Kano zikafunikwa, na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2 hata kufikia kilele mwezi Mei 1964. Wazee wa pwani hii wangali wakiyataja mafuriko hayo pamoja na Uhuru, kwa kuwa vyote viwili vilikuja kwa pamoja. Na mwaka huo wa 1964, ziwa lilipokuwa juu kuliko lilivyowahi kupimwa, uso wa Jua ulikuwa karibu mtupu, madoa yakiwa yamefika chini kabisa katika zamu yake.

Hukumu ya haki juu ya Brooks ni ngumu kidogo. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake waliirudia hesabu yake, wakadai kwamba katika karne ya 20 mvua kubwa za nchi za ziwa zilielekea kutangulia kilele cha madoa kwa kiasi cha mwaka mmoja. Nami sioni mwaka 1961 utaketi wapi katika hesabu hiyo. Sababu iliyo wazi zaidi iko katika Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yanapopata joto kupita kawaida na yale ya upande wa Sumatra yanapopoa, vuli ya Afrika Mashariki hunenepa, na ndivyo ilivyokuwa 1961, ndivyo ilivyokuwa tena 2019, hata Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya kilele cha 1964. Kwa hiyo mkono wa Jua katika kupanda na kushuka kwa ziwa, kama upo, ni mwepesi, tena umefunikwa na mkono wa bahari. Walakini Brooks aliuliza swali lililo kubwa kuliko jibu lake. Je, Jua lina namna gani ya kuyafikia maji ya sayari, zaidi ya kuyapasha joto? Jibu la swali hilo lilikuja kupatikana mbali sana na Kisumu, ingawa nitadai kwamba nusu ya ushahidi wake umelala chini ya matope ya ziwa hili.

Ushahidi huo ulichimbuliwa mwishoni mwa karne. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake, baada ya kupiga mawimbi ya sauti hadi chini ya sakafu ya ziwa na kuzamisha mabomba marefu katika matope yake, walitangaza kwamba chini ya matope laini, hata mahali penye kina kikubwa, lipo tabaka gumu la udongo uliowahi kukaukia juani, lenye alama za mizizi na chavua ya nyasi. Maana yake ni kwamba ziwa hili, ambalo leo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina kipatacho mita 80 mahali pake pa chini, lilikauka lote. Lilikauka katika enzi ya mwisho ya barafu, wakati bahari za kaskazini zilipopoa na mvua za Ikweta zikapungua, likabaki hivyo hadi kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Mahali ambapo sasa mashua za Usenge na Mbita hutweka tanga palikuwa mbuga. Rusinga nayo haikuwa kisiwa siku zote: katika udongo wake imeonekana mifupa ya mnyama wa jamii ya nyumbu aliyekwisha kutoweka, aitwaye Rusingoryx, mwenye pua iliyovimba kwa mfupa ulio mtupu ndani, na wanyama wa namna hiyo hawaishi ila penye nyasi nyingi pande zote. Wajaluo husimulia habari za Simbi, karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama usiku mmoja kwa sababu watu wake walimnyima bikizee makao. Wala sijapata kusikia hekaya ya ziwa lililokauka, jambo lisilonishangaza, kwani masimulizi ya kinywa hayavuki miaka elfu kumi na tano, na Wajaluo wenyewe hawajatimiza elfu moja katika pwani hii.

Kisha ziwa likarudi. Hili ndilo jambo ninaloona kuwa la kutafakariwa kuliko kukauka kwenyewe, ingawa waandishi aghalabu hulipita mbio ili wafike kwenye samaki, kwa maana aina mia kadhaa za furu zimezuka ndani ya ziwa hili, na wanazuoni hawajaacha kubishana zilizukaje katika muda mfupi hivyo. Lakini maji yenyewe yalitoka wapi? Hayakuumbwa upya. Yalikuwako siku zote, baadhi baharini, baadhi katika barafu za kaskazini, baadhi hewani, na pepo zilipogeuka yalirudishwa mahali pake. Hata leo ziwa huishi kwa mzunguko huo: takriban asilimia 80 ya maji yaingiayo ni mvua inyeshayo juu ya uso wake, na sehemu kubwa ya yatokayo hutoka kwa kugeuka mvuke, wala si kwa kwenda na Nili. Mvuke upandao mchana husukumwa na upepo wa ziwa kuelekea Nandi na Kericho, ambako alasiri hugeuka mawingu mazito na mvua ya mawe, ambayo hupiga mashamba ya chai ya huko mara nyingi kuliko karibu mahali popote ulimwenguni.

Mawe hayo ya barafu, yaangukayo karibu na Ikweta, yaonyesha baridi iliyoko juu. Kadiri mtu apandavyo ndivyo baridi izidivyo, hata kiasi cha kilomita 16 au 17 juu ya Kisumu inafika nyuzi 80 chini ya sifuri, na mvuke haupiti hapo ila kidogo mno. Huganda, hushuka, hurudi. Laiti ungepita, ungefika mahali ambapo miali ya urujuanimno hupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, na hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko vitu vyote, ingekwenda zake isionekane tena. Dari hiyo ya baridi ndiyo mlinzi wa kwanza wa maziwa yetu. Yuko wa pili, ambaye hakujulikana hata Brooks alipokuwa mtu mzima.

Ili kumjua mlinzi huyo, tuitazame kwanza sayari iliyompoteza. Katika sayari ya Mirihi yalikuwako maziwa. Jambo hili si dhana tena. Chombo kiitwacho Curiosity, kilichotua katika bonde la Gale mwezi Agosti 2012, kilikuta miamba ya tope lililotuama taratibu katika ziwa la maji baridi yasiyo chumvi nyingi, zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Na Perseverance, kilichotua Februari 2021 katika bonde la Jezero, kilikuta mashapo yaliyotandazwa na mto penye mlango wake, kama vile Nzoia na Nyando zinavyofanya hivi leo. Ziwa la Gale nalo lilipwa na kujaa mara nyingi, kwani yapo matope yenye nyufa zilizokauka na kuloweshwa tena na tena. Lakini ikaja zamu lilipokauka lisirudi. Leo hewa ya Mirihi ni nyembamba, uzito wake haufikii asilimia moja ya hewa tuivutayo, na maji yakimiminwa juu ya ardhi yake yatachemka na kuganda, hayatakaa. Basi ile hewa nzito, iliyohifadhi mito na mvua za zamani, ilikwenda wapi?

Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 Ludwig Biermann, Mjerumani, alikuwa akishughulika na mikia ya nyota zenye mkia, ambayo siku zote huelekea upande usio wa Jua, nyota ikienda au ikirudi; akakata shauri kwamba mwanga peke yake hauna nguvu ya kuisukuma hivyo, na lazima kiwepo kitu kingine kitokacho katika Jua bila kukoma. Mwaka 1958 Eugene Parker wa Chicago akaonyesha kwa hesabu kwamba hewa ya nje ya Jua ina joto kubwa kiasi kwamba haiwezi kutulia, bali hububujika kwenda pande zote kwa mwendo wa mamia ya kilomita kila sekunde, ikibeba pamoja nayo sumaku ya Jua. Wanazuoni wawili walioombwa kuipitia makala yake waliikataa, na haingalichapishwa kama mhariri, Chandrasekhar, mzaliwa wa India, asingalipindua uamuzi wao. Miaka minne baadaye, ilhali watu wa Kano wakihamisha ng'ombe kuyakimbia maji na viongozi wa Kenya wakisafiri kwenda London kujadili katiba, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2, kikielekea Zuhura, kilipima upepo huo miezi mitatu bila kuukosa hata siku moja. Ndio uitwao upepo wa Jua.

Upepo huu haufanani na huu wetu wa tanga. Katika nafasi iliyo sawa na ncha ya kidole, karibu na Dunia, hamna ila chembechembe tano au kumi, protoni na elektroni; lakini zinakwenda kilomita 400 kwa sekunde au zaidi, na zimeshikamana na sumaku zinayoivuta. Unapoikuta sayari isiyo na ngao, kazi yake ya kuivua hewa huanza juu kabisa, ambako hewa imekuwa haba. Kwanza miali ya urujuanimno huzipokonya atomu elektroni zao, zikawa ioni, yaani zikawa na umeme. Na kitu chenye umeme hakiwezi kupitiwa na sumaku iendayo mbio kisichukuliwe. Sumaku ya upepo huzishika ioni hizo na kuzivuta, nyingine zikakokotwa kwenda nyuma ya sayari zikatawanyika katika giza, nyingine zikarushwa juu upande mmoja. Lakini ziko pia zile ambazo hurudishwa kwa nguvu kuelekea chini, zikagonga atomu nyingine zilizokuwa zimetulia na kuzirusha nje, atomu moja iangukayo ikizifukuza nyingine kadhaa. Njia hii ya mwisho ilikisiwa kwa miongo mingi kabla haijaonekana. Chombo cha MAVEN, kilichofika Mirihi Septemba 2014 kwa kazi hii hasa, kiliishuhudia waziwazi katika vipimo vyake vilivyotangazwa mwaka 2025.

MAVEN ilipima pia kiasi kinachochukuliwa na upepo wa Jua siku hizi: kiasi cha gramu 100 kila sekunde, ambayo kwa siku nzima haifiki tani 9, mzigo wa lori moja la omena litokalo Usenge. Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba lori moja kwa siku haliwezi kuimaliza hewa ya sayari. Ni kweli kwamba kwa mwendo huo kazi ingekuwa ndogo. Lakini dhoruba za Jua zinapopiga, kama ilivyotokea Machi 2015, upotevu huongezeka mara nyingi. Na Jua lilipokuwa changa miali yake ya urujuanimno ilikuwa mikali zaidi, upepo wake mzito zaidi, na dhoruba zake za mara kwa mara. Hasara kubwa ilipatikana zamani, katika miaka bilioni ya kwanza na ya pili, na kinachoonekana leo ni mabaki ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Na inajulikanaje kwamba hewa hiyo ilikwenda juu, isiwe ilizama ardhini? Ushahidi ni wa gesi ya agoni, ambayo haichanganyiki na chochote. Haili mawe, haiwi chumvi, haigeuki barafu katika Mirihi. Ikipotea, haina pa kwenda ila nje. Iko agoni nyepesi na agoni nzito kidogo, na juu kabisa, mahali upepo wa Jua unapovua, nyepesi huwa nyingi kuliko nzito, hivyo huvuliwa kwanza. Kwa kupima ni ngapi za nzito zimebaki kwa kila nyepesi, Bruce Jakosky na wenzake walitangaza mwaka 2017 kwamba theluthi mbili hivi ya agoni yote iliyopata kuwa katika hewa ya Mirihi imekwenda angani; na kama agoni ilikwenda hivyo, kaboni dioksaidi iliyokuwa wingi wa hewa ile nayo ilikwenda kwa wingi. Sijui hoja iliyo nzuri kuliko hiyo katika elimu nzima ya sayari: gesi isiyofanya kitu chochote imekuwa shahidi kwa sababu hiyo hiyo ya kutofanya kitu.

Sababu ya Mirihi kukosa ngao ni udogo wake. Uzito wake ni kama sehemu ya kumi ya uzito wa Dunia. Moyo wake wa chuma ulipoa, ukaacha kuzalisha sumaku kiasi cha miaka bilioni 4 iliyopita. Mwaka 1997 chombo cha Mars Global Surveyor kilikuta miamba yake mikongwe ingali na sumaku iliyogandishwa ndani, ilhali mabonde makubwa yaliyochimbwa na vimondo baadaye hayana. Moyo wa Dunia ungali ukitokota, na sumaku yake huukinga upepo wa Jua mbali sana na hewa, kiasi cha kilomita 60,000 upande wa mchana. Lakini nisingependa msomaji aondoke na itikadi kwamba sumaku peke yake ndiyo iliyotuokoa, kama isemwavyo na wengi. Zuhura haina sumaku yake yenyewe, tena iko karibu zaidi na Jua, na hata hivyo ina hewa nzito mara 90 kuliko yetu. Mvutano wa sayari una haki yake: kitu kitakacho kuihama Dunia sharti kiende kilomita 11 kwa sekunde, na katika Mirihi kilomita 5 zatosha. Na volkeno nazo zina haki yao, kwa kuwa sayari ipumuayo hurudisha kinachochukuliwa.

Katika jambo hili la mwisho pwani ya Winam ina ushahidi ulio adimu. Kisingiri, Homa na Ruri ni mabaki ya volkeno zilizotapika, pamoja na majivu ya kawaida, mawe yeyushwa yaliyojaa kaboni, aina ya lava isiyopatikana ila mahali pachache duniani. Majivu ya Kisingiri ndiyo yaliyofukia misitu ya Rusinga miaka milioni 18 na zaidi iliyopita na kuhifadhi lile fuvu la nyani wa kale ambalo Mary Leakey aliliona mwaka 1948. Huko Koru, chini ya vilima vya Tinderet, mawe ya namna hiyo huchimbwa na kuchomwa yawe chokaa. Na kila tanuri liwakapo, kaboni iliyofungwa jiweni tangu zama hizo hurudi hewani. Dunia imeifungia sehemu kubwa kabisa ya kaboni yake katika mawe ya chokaa, na volkeno huirudisha kidogo kidogo. Mirihi, kwa kuwa moto wake ulipungua mapema, haikuweza kulipa deni ambalo upepo wa Jua ulikuwa ukilidai.

Wala si kweli kwamba watu wa upande huu wa dunia walikuwa watazamaji tu wa elimu hii. Mnamo tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitalia katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya San Marco 2, iliyobuniwa na Luigi Broglio kwa kazi ya kupima wepesi wa hewa ya juu kabisa hapo Ikweta, mahali hewa inapovimba na kunywea kwa kufuata tabia ya Jua. Setilaiti iliyorushwa hapo Disemba 1970, ikapewa jina la Uhuru, imepata sifa zaidi. Mimi naona ile ya kwanza ilistahili zaidi kukumbukwa na watu wa maziwa. Na Maseno, mji ambao mstari wa Ikweta unaupita na ambao watu waliujua kwa shule ya wamisionari iliyoanzishwa mwaka 1906, una chuo kikuu ambacho wanazuoni wake hupokea mawimbi ya setilaiti za kuelekezea njia ili kuhesabu elektroni zilizo juu ya vichwa vyetu. Maana baada ya machweo tabaka hilo la umeme hutoboka mapovu hapa Ikweta, na mawimbi yakapepesuka kama taa iliyopigwa na upepo. Mistari ya sumaku ya Dunia, iliyosimama wima huko kwenye ncha, imelala karibu sambamba na ardhi juu ya Kisumu, hivyo chembe za Jua hazina njia ya kushuka hapa. Ndiyo maana katika dhoruba kubwa ya Jua ya Mei 2024 watu wa Ulaya na Amerika waliona mbingu zikiwaka rangi nyekundu, na watu wa Dunga na Nyando, waliokuwa wameshughulika na mafuriko mwezi huo huo, hawakuona kitu.

Hata hivyo Dunia nayo inavuja. Licha ya dari ya baridi na ngao ya sumaku, hidrojeni ipatayo kilo 3 hutoroka kila sekunde kutoka juu ya hewa, na hidrojeni hiyo asili yake ni maji. Ukifanya hesabu ya maji yaliyopasuliwa ili kuitoa, na kuigawanya kwa ujazo wa Nam Lolwe, ambao ni kilomita za ujazo zipatazo 2,750, utaona kwamba Dunia hupoteza maji ya ziwa zima kwa kila miaka milioni 3 na kidogo. Huko Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, yamechimbuliwa mawe yaliyochongwa na mifupa ya viboko waliochinjwa, vitu ambavyo umri wake, kama ulivyotangazwa mwaka 2023, ni baina ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Tangu walipokaa mahali hapo wale waliomchuna kiboko kwa jiwe, maji yanayokaribia kujaza ziwa hili yamekwisha kwenda yasikorudi; na yaliyobaki baharini, kwa kipimo hicho hicho, ni maziwa kama laki nne na themanini elfu.